Mkongwe, hiyo sindano ya ujana usiichome kwanza

MCHEZAJI wa Bongo ana umri wa aina tatu: wa kwenye cheti cha kuzaliwa, wa kwenye leseni na wa kwenye magoti. Ule wa kwanza na wa pili ukipishana watu wanacheka, maisha yanaendelea. Wa tatu haudanganyi mtu. Beki wa pembeni aliyekuwa anapanda na kushuka dakika zote 90 anafika miaka 32, anapanda mara moja, kushuka anatembea. Shabiki jukwaani Kaitaba haoni nyama za paja zilizochanika mara tatu. Anaona mtu aliyepitwa na winga wa miaka 20, na anapiga kelele: "Mzee huyo, mpumzisheni!"

Huyo mzee wa miaka 32 ndiye anayetafutwa na biashara ninayotaka tuizungumze leo.

Kwa Kagera hili lina uzito wake. Kagera Sugar, Wana Nkurukumbi, waliposhuka Ligi Kuu msimu wa 2024/25, mkoa ulibaki bila timu ya daraja la juu. Huko chini mikataba ni mifupi na pesa ni ya mawazo. Mchezaji aliyejenga nusu nyumba kule Muleba anahesabu: nikipata misimu miwili tu zaidi, bati zinapanda. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kuna sindano inarudisha mwili nyuma miaka mitano, hatakuuliza imetoka maabara gani. Atakuuliza bei.

Usitarajie kuikuta imepangwa kwenye duka la dawa pale Bukoba mjini. Inakuja kwa simu. Jamaa mwenye kifua kama kabati, jimu inayong'aa, lugha ya kitaalamu nyingi, halafu namba ya WhatsApp. Bidhaa yenyewe ni chupa ndogo yenye unga mweupe. Unaambiwa uchanganye na maji ya sindano, uvute, ujichome chini ya ngozi ya tumbo. Jina la jumla wanaloliita ni peptidi. Na kwenye chupa nyingi za aina hiyo kuna maandishi madogo ambayo muuzaji hayasomi kwa sauti: ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu.

TUSIANZE KWA KUOGOPA JINA

Peptidi si uchawi. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini, ambavyo mwili wako unavipata kwenye maharage, sato, maziwa na, kwa sisi wa Kagera, senene. Mnyororo ukiwa mrefu tunaita protini, ukiwa mfupi tunaita peptidi. Insulini anayojichoma mgonjwa wa kisukari ni peptidi yenye asidi amino 51. Oksitosini, sindano anayochomwa mama akishajifungua ili asivuje damu nyingi, ina 9 tu.

Na hiyo oksitosini ndiyo babu wa zote. Mkemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud, aliitengeneza maabara mwaka 1953, homoni ya kwanza ya aina hii kutengenezwa na mkono wa mtu, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo peptidi ya kutengenezwa si kitu kipya hata Muleba. Ukienda wodi ya wazazi Rubya, Kagondo au Ndolage, ndiyo sindano ya kila siku. Ila angalia masharti yake: inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto muda mrefu inapoteza nguvu, na mama anaweza kufa huku amechomwa.

Hiyo ni dawa iliyosajiliwa, yenye namba ya toleo, yenye jokofu na muuguzi. Sasa fikiria chupa isiyojulikana imetoka kiwanda gani, imekaa siku ngapi kwenye ndege, kwenye basi na mwishoni kwenye mfuko wa bodaboda juani.

SAFU YA MABEKI WANNE

Kati ya zote, inayovumishwa zaidi kwa kurudisha ujana inaitwa epitaloni. Ni ndogo mno. Asidi amino nne, safu ya mabeki basi. Ilitoka Urusi, kwa profesa Vladimir Khavinson wa St. Petersburg, aliyeanza kama daktari wa jeshi la Kisovieti na kufariki Januari 2024. Yeye na wenzake walianza na maji ya tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo wa ndama, inayoitwa pineali, halafu wakatengeneza mnyororo huo mfupi maabara.

Madai yako hivi. Ncha za kromosomu ndani ya seli zinalika kila seli inapojigawa, kama njumu zinavyolika ukichezea uwanja wa changarawe. Zikiisha, seli inastaafu. Mwaka 2003 kundi la Khavinson liliripoti kwamba epitaloni iliamsha kimeng'enya kinachorefusha ncha hizo kwenye seli za binadamu zilizofugwa maabara. Mwaka huohuo wakachapisha habari za wazee 266 waliofuatiliwa kwa miaka sita hadi minane, wakasema waliopata tiba yao walikufa wachache zaidi.

Ukiishia hapo, unaagiza chupa kesho. Lakini soma vizuri. Wale wazee walipewa dondoo za tezi za ndama, si hiyo epitaloni ya maabara inayouzwa kwenye simu. Na kazi nyingi kuhusu epitaloni zimetoka kwa watu walewale walioivumbua. Ni kama kocha anayejichagulia mwamuzi, anajihesabia mabao, kisha anatangaza ubingwa. Inawezekana kweli ana timu nzuri. Mimi ningependa kwanza aje acheze Kaitaba na mwamuzi wa ugenini.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi. Kimeng'enya hicho kinachorefusha ncha za kromosomu ndicho kinachotumiwa na seli nyingi za saratani ili zisife. Hakuna aliyethibitisha kwamba epitaloni inaleta saratani kwa binadamu, na sitaki kumtisha mtu kwa kitu ambacho hakijathibitishwa. Lakini usalama nao haujathibitishwa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiweka epitaloni kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwa na hatari kubwa kiusalama, ambavyo maduka ya kuchanganya dawa hayakutakiwa kuvichanganya.

Kwenye kundi hilohilo kulikuwa na BPC-157, na hii ndiyo inayomhusu zaidi mtu wa mpira. Ina asidi amino 15, kikosi cha kwanza na wachezaji wanne wa benchi. Watafiti wa Zagreb, Croatia, wanasema imetokana na protini ya majimaji ya tumboni, na kwa zaidi ya miaka 30 wameijaribu kwa panya: misuli iliyokatwa, kano zilizochanika, vidonda vya tumbo. Panya wanapona kweli. Kwa watu, tafiti zilizochapishwa ni za wachache mno, na nyingine hazikuwa hata na kundi la kulinganisha. Panya hana mkataba wa miaka miwili, na akipata tatizo miaka kumi baadaye hatujui, kwa sababu panya haishi miaka kumi.

MULEBA TUNAJUA UTAFITI ULIVYO

Hapa ndipo ninapowashangaa ndugu zangu wa nyumbani. Wilaya hii ya Muleba imewahi kuwafundisha watafiti wa dunia nzima jambo moja kubwa, na wengi wetu hatuna habari.

Mbu wa Muleba walikuwa wameshaizoea dawa ya kwenye vyandarua vya kawaida. Kukawa na chandarua kipya, kilichoongezewa kemikali inayoitwa PBO ili kumnyang'anya mbu ule usugu wake. Wazo zuri, na kwenye vibanda vya majaribio kilikuwa kinaua mbu vizuri. Je, kiligawiwa nchi nzima kesho yake? Hapana. Kati ya 2014 na 2017 wataalamu wetu na wenzao kutoka nje waligawa maeneo ya Muleba katika makundi 48. Kwa kura, baadhi wakapata chandarua kipya, wengine cha kawaida, kwingine wakaongeza kupuliza dawa ukutani. Kisha wakapita nyumba kwa nyumba wakipima damu za watoto, mara kwa mara, maelfu ya watoto.

Chandarua kipya kilishinda. Shirika la Afya Duniani, WHO, likakipa baraka mwaka 2017, na matokeo kamili yakachapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la The Lancet. Mtoto aliyetobolewa kidole Muleba akiwa na miaka mitano, leo yuko kwenye umri wa kuichezea shule yake UMISSETA.

Hicho ni chandarua, kitu kinachoning'inia juu ya kitanda. Kilifanyiwa kazi yote hiyo kabla mtu hajasema kinafaa. Halafu mtu huyohuyo wa Muleba anachukua unga usio na hata robo ya ushahidi huo, anauingiza ndani ya mwili wake kwa sindano, kwa sababu jamaa wa kwenye simu ana misuli.

MTOTO MESSI NA WAZEE WA 1990

Atatokea mtu aseme: mbona Messi alichomwa? Swali zuri, na jibu lake linasaidia.

Lionel Messi akiwa mtoto kule Rosario aligundulika mwili wake hautengenezi homoni ya ukuaji ya kutosha. Alichomwa homoni hiyo kila siku, na Barcelona walipomchukua wakabeba gharama. Alikuwa mgonjwa aliyepimwa, akapewa alichopungukiwa, chini ya daktari. Homoni hiyohiyo kwa mtu mzima asiye na upungufu ni habari tofauti.

Biashara ya ujana tunayoiona leo imetoka hapo kwa sehemu kubwa. Mwaka 1990 daktari wa Marekani, Daniel Rudman, alichapisha utafiti wa wazee wa miaka 61 hadi 81. Kumi na wawili kati yao walichomwa homoni ya ukuaji kwa miezi sita. Nyama ziliongezeka, mafuta yakapungua. Watu kumi na wawili! Kliniki za kurudisha ujana zikachipuka kama uyoga. Tafiti zilizofuata zikaonyesha upande wa pili: maumivu ya viungo, kuvimba, ganzi mikononi, sukari kupanda. Na nyama kuongezeka hakukumaanisha nguvu kuongezeka. Kwa mtu wa mpira hapo ndipo pa kuangalia, maana mabao hayafungwi kwa kifua.

"NANI ATANIPIMA MIMI?"

Ndiyo kauli utakayoisikia. Ligi zetu za chini vipimo havionekani, kwa hiyo mtu anajiona yuko salama. Tuelewane hapa.

Shirika la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, WADA, lina fungu zima la homoni za aina hii. Homoni ya ukuaji imo. Peptidi zinazoamsha homoni hiyo, kama ipamorelini na CJC-1295, zimo. TB-500 imo. BPC-157 imetajwa kwa jina tangu 2022. Na ile ambayo haikutajwa jina inanaswa na kifungu cha S0: dawa yoyote isiyo na idhini ya mamlaka yoyote ya serikali kwa tiba ya binadamu ni marufuku, muda wote, mashindanoni na nje ya mashindano. Sampuli inaweza kutunzwa na kupimwa upya hadi miaka kumi baadaye. Leo uko ndondo Kamachumu, kesho umepata timu inayocheza mechi za CAF.

Wakenya wanalijua hili kwa machozi. EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, ni dawa halali ya wagonjwa wa figo, na iko kwenye fungu hilohilo la WADA. Rita Jeptoo, malkia wa marathoni za Boston na Chicago, alinaswa nayo mwaka 2014 na adhabu yake ikaishia miaka minne. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mara tatu, naye miaka minne. Hao si watu waliokosa kipaji.

Ila kesi inayonikaa kichwani ni ya Australia, klabu ya Essendon, wale wa mpira wao wa umbo la yai. Msimu wa 2012 klabu ilianzisha mpango wa sindano kwa wachezaji. Wakapewa fomu, wakasaini, wakaambiwa kila kitu ni halali. Baraza la ligi yao liliwasafisha mwaka 2015. Januari 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikawatia hatiani wachezaji 34, waliokuwepo na waliokwishaondoka, kwa kutumia peptidi inayoitwa thaimosini beta-4. Miaka miwili. Hakuna aliyekutwa na kipimo kibaya. Ushahidi mwingine ulitosha.

Adhabu ile ilikwisha. Kilichobaki ni kwamba kumbukumbu za sindano hazikutunzwa ipasavyo, na wale vijana hawakuwahi kupewa maelezo kamili ya nini hasa kiliingia miilini mwao. Ni klabu tajiri, yenye madaktari na wanasheria. Wewe una jamaa wa WhatsApp.

Na usidhani sindano tu ndiyo inayomaliza watu. Paul Pogba alinaswa Agosti 2023 akiwa Juventus kwa DHEA, kitu ambacho Marekani kinauzwa kama kirutubisho, wengi wakikinunua ili wasizeeke haraka. Alifungiwa miaka minne, CAS ikapunguza hadi miezi 18. Kila alipojitetea kwamba hakujua, sheria ilimjibu jambo lilelile: kilichomo mwilini mwako ni chako.

SINDANO YENYEWE

Kuna jambo la Kagera ambalo vijana wa rika langu tunalijua kwa kusimuliwa. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walitambuliwa Hospitali ya Ndolage, hapahapa Muleba. Wazee walikuwa wanauita Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Kuna vijiji vilivyobakiwa na bibi na wajukuu.

Ugonjwa ule ulisambaa zaidi kwa njia ya ngono, hilo linajulikana. Lakini sindano ya kuchangia inabeba virusi hivyo, na inabeba homa ya ini pia. Chupa moja ya unga huu ina dozi kadhaa. Ni ghali. Wachezaji wawili au watatu wakichanga pesa kununua moja, mmoja akaijaza, mwingine akaivuta, wakiwa chumba kimoja cha kambi usiku, kosa dogo linatosha. Hapo hatuzungumzii tena epitaloni inafanya kazi au haifanyi.

Uchafu nao upo. Unga uliotengenezwa bila usimamizi unaweza kuwa na mabaki ya bakteria, ukachanganywa na maji yasiyo safi, ukaishia na jipu tumboni au damu yenye maambukizi. Daktari wa zamu akikuuliza umechoma nini, huna jibu la kumpa. Ukifika huko usifiche. Nenda na chupa.

KILE KISICHO NA TANGAZO

Mkongwe anayesoma hapa atasema nimemnyang'anya tumaini bila kumpa kitu. Haya.

Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+. Dakika 20, hakuna mashine, hakuna chupa. Lagos, Nigeria, yalijaribiwa kwa timu 20 za vijana, wachezaji 416, kwa miezi sita. Nusu ya timu wakayafanya, nusu wakaendelea na mambo yao. Waliyoyafanya walipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Wale ni vijana, nakubali, si wakongwe. Lakini ni Waafrika, kwenye viwanja vinavyofanana na vyetu, na kulikuwa na kundi la kulinganisha.

Ndani ya mpango huo kuna zoezi moja la nyama za nyuma ya paja. Unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajishusha mbele taratibu kama mti unaoanguka huku ukijizuia kwa paja. Linauma siku za kwanza, na makocha wengi huku kwetu wanaliruka kwa sababu linachelewesha mpira. Tafiti za wachezaji wa rika mbalimbali zinaonyesha linapunguza kuchanika kwa nyama hizo kwa karibu nusu. Hizo ndizo nyama zilizomfanya beki wetu atembee.

Usingizi, chakula na siku za kupumzika baada ya mechi kwenye nyasi bandia unavijua, sitavirudia. Kuhusu umri wa kuacha, Roger Milla alifunga Kombe la Dunia 1994 akiwa na miaka 42, na kipa Essam El-Hadary wa Misri alidaka la 2018 akiwa na 45. Ni wawili kati ya maelfu, na mmoja ni golikipa.

Kwa atakayeletewa chupa wiki hii: dawa halali nchini inatakiwa iwe imesajiliwa na TMDA, na mfamasia yeyote Bukoba au Muleba anaweza kukusaidia kuangalia usajili huo. Orodha ya WADA inaanza kutumika upya kila Januari Mosi, na inasomeka bure. Muulize anayekuuzia namba ya usajili kabla ya kumuuliza bei, halafu uone anavyobadilisha mada.